Chupa Tupu ya Kayanga: Mwongozo wa Kwenda Kuzamia Alpha Funguo

Kabla hujapanda basi pale stendi ya Kayanga, Karagwe, kunywa maji yako uyamalize, funga kizibo cha chupa tupu kwa nguvu, kisha uichomeke kwenye mfuko wa kiti kilicho mbele yako. Usiifungue njiani. Ukishuka Tanga au Mombasa, itazame: itakuwa imebonyea ubavuni kana kwamba mtu ameikalia. Hakuna aliyeikalia. Uliifunga zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi, ukaishusha hadi pwani ambako hewa ni nzito. Hewa ya pwani imeibana ile ya Karagwe iliyomo ndani, ikaipunguza karibu sehemu moja ya sita.

Hilo ndilo somo la kwanza la kuzamia, na umelipata kwa bei ya chupa ya maji. Mita 10 tu za maji ya bahari hubana sawasawa na hewa yote iliyo juu ya pwani hadi angani. Chupa iliyofungwa ufukweni ikishushwa mita 10 itabaki na nusu ya hewa yake kwa ukubwa; mita 20, theluthi; na mita 28, ilipolala mashua tunayoiendea, ni robo na ushei. Masikio yako ni chupa. Mapafu ni chupa. Ile mianya ya mifupa ya uso inayouma ukiwa na mafua, nayo ni chupa. Kazi yote ya mzamiaji ni kujua kila chupa yake imefikia wapi, wakati wa kushuka na hasa wakati wa kupanda.

Nasema hasa wakati wa kupanda kwa sababu sisi wa Karagwe na Kyerwa tuna mlima ambao miongozo ya kuzamia niliyosoma haiutaji. Huandikwa kwa mtu anayelala karibu na bahari, au atakayerudi kwao kwa ndege. Mtu atakayerudi Nkwenda, Kyerwa, kwa basi hakufikiriwa. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu.

Kwa nini twende mbali hivyo

Mtu atauliza: si tuna maji yetu? Tunayo. Kuna Ziwa Burigi, kuna Ziwa Rwakajunju, kuna Mto Kagera unaotutenga na Rwanda na Uganda. Lakini Mto Kagera una tope ambalo hata ukinyoosha mkono huoni vidole, una viboko na una mamba. Usijaribu, hata ukiwa na rafiki jasiri, hasa ukiwa na rafiki jasiri. Ziwa Victoria ni kubwa na lina fukwe nzuri pale Bukoba, ila maji yake ya kando yana kichocho na mwanga haupenyi mbali. Tena ziwa lenyewe liko mita zipatazo 1,134 juu ya bahari. Majedwali ya kawaida ya kuzamia yamepigiwa hesabu za usawa wa bahari, hivyo huko juu yanahitaji marekebisho, na hilo si somo la mwanafunzi.

Iko sababu nyingine, na afadhali tuiseme wazi. Mkoani Kagera ukitaja chombo kilichozama, watu hawafikirii samaki. Wanafikiria tarehe 21 Mei 1996 na MV Bukoba, meli iliyopinduka ziwani karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya watu, wakiwemo watu wetu walioteremka kutoka vijiji vya Karagwe kwenda kuipanda. Wengi wamezikwa Igoma, Mwanza. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka jambo moja zaidi: meli ilipogeuka tumbo juu haikuzama mara moja. Ilibaki ikielea kwa hewa iliyonaswa ndani, walionaswa humo wakawa wanagonga vyuma. Ilipotobolewa ili kuwatoa, hewa ikatoka, meli ikaenda chini. Wazamiaji walioshuka baadaye kuwatafuta, wengine wakitoka Afrika Kusini, walikwenda kutoa maiti.

Kwa hiyo ukimwambia mama yako unakwenda kuzamia mashua iliyozama, atakaa kimya kwanza. Usimcheke. Mwambie kwamba vyombo vilivyolala chini ya maji si vya aina moja. Kuna makaburi. HMS Pegasus, manowari ya Waingereza iliyopigwa na meli ya Kijerumani Königsberg bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ni kaburi, na baadhi ya mabaharia wake wamelala kwenye kisiwa cha Chapwani. Kuna ajali, kama Great Northern, meli ya Waingereza ya kutandaza nyaya za simu za baharini, iliyokwama kwenye mwamba mbele ya Mji Mkongwe mwaka 1902. Halafu kuna vyombo ambavyo watu walivizamisha wenyewe, bila mtu ndani, ili viwe nyumba ya samaki. Hivi vya mwisho ndivyo tunavyovifuata.

Kibanja katikati ya rweya

MFV Alpha Funguo ilikuwa mashua ya uvuvi. Sasa iko chini ya bahari mbele ya Diani, Kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa, kwenye kina cha takriban mita 28. Si kubwa. Anayetaka kubwa aende kaskazini ya Mombasa, mbele ya Bamburi, akaione MV Dania, meli iliyokuwa ikibeba mifugo, iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002. Mimi napendekeza Funguo kwa mtu anayeanza na vyombo vilivyozama. Unaweza kuizunguka yote kwa mtungi mmoja wa hewa bila haraka, na mashua ndogo haikupi tamaa ya kuingia vyumbani.

Chombo hakizamishwi hivihivi tu. Kwanza hutolewa mafuta, grisi, betri, nyaya, nyavu na kila kinachoelea au kinachoweza kumnasa mtu. Milango hung'olewa. Halafu hutafutwa mahali penye mchanga mtupu, si juu ya matumbawe yaliyo hai, kwa sababu kujenga nyumba ya samaki juu ya nyumba nyingine ya samaki ni ujinga.

Nahodha mmoja wa Diani alinieleza shughuli yote kwa maneno machache. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?" Nikasema Karagwe. Akatafakari kidogo, akauliza kama huko ndiko kwa kahawa. Nikakubali. "Basi sikiza," akasema. "Mchanga ule mtupu ni kama uwanja wa mpira. Samaki hakai uwanjani, hana pa kujificha. Mpe nyumba, yuaja."

Nilipokuwa chini sikuona uwanja wa mpira. Niliona kwetu. Mtu aliyekulia Kagera anajua rweya, yale majani matupu yasiyo na mti, na anajua kibanja kinachosimama katikati yake: migomba juu, mibuni chini yake, maharage chini ya mibuni, na kuku wakiparua chini ya yote. Mashua ile ni kibanja. Juu kabisa samaki mbono wanapita kwa makundi. Usawa wa sitaha wanazunguka samaki wadogo wang'aavu, wengi hata huwezi kuwahesabu, na kolekole wanawapitia kama mwewe. Ubavuni mwa chuma pameota sifongo na matumbawe laini. Chini, ambako chuma kimekutana na mchanga, ndipo wanapokaa wazee: chewa, mkunga na taa aliyejifukia akabaki macho tu.

Mfano wa kibanja unafika hadi kwenye ubishi wa wataalamu. Wengine husema chombo kilichozamishwa huongeza samaki baharini. Wengine husema huwakusanya tu waliokuwa wametawanyika, na kukusanya ni kurahisishia wavuvi kazi. Mzee yeyote wa kwetu anajua kwamba rutuba ya kibanja ilibebwa kutoka rweya: majani ya kutandaza na samadi ya ng'ombe waliolisha huko. Kibanja kilinona, rweya ikakonda. Wakati huohuo kahawa iliyotoka kibanjani isingeota rweya hata mara moja. Naamini pande zote mbili zina ukweli, na kinachoamua ni kama mahali pale pamevuliwa au pameachwa.

Kujiandaa ukiwa bado nyumbani

Anza na kuogelea. Wengi wetu hatujui, na si aibu. Nami nilijifunza nikiwa na miaka zaidi ya 30, watoto wa darasa la tatu wakinipita. Tafuta bwawa la hoteli Bukoba au Mwanza, lipia mwezi, upate mtu wa kukufundisha. Kwa cheti cha mwanzo utatakiwa kuogelea mita 200 bila kusimama, kwa mtindo wowote na bila kupimwa muda, kisha uelee dakika 10. Dakika 10 za kuelea zilinishinda kuliko mita 200. Siri ni kuacha kupigana na maji. Ukilegea, mapafu yako yenyewe yanakubeba.

Halafu nenda kwa daktari. Vituo vya kuzamia vina fomu ya maswali ya afya: pumu, moyo, kifafa, upasuaji wa masikio au kifua, ujauzito, dawa unazotumia. Jibu kweli. Kama una seli mundu au umewahi kuugua kifua kikuu, mwambie daktari kabla hujalipa hata senti. Ukisema uongo kwenye fomu hiyo hujamdanganya mwenye kituo. Umeyadanganya mapafu yako.

Sasa vyeti, na hapa wengi hupoteza hela. Cheti cha kwanza, kinachoitwa Open Water na mashirika kama PADI na SSI, huchukua siku tatu au nne, kinakuruhusu hadi mita 18. Funguo iko mita 28. Utahitaji cha pili, Advanced, kinachokufikisha mita 30, nacho huchukua kama siku mbili zaidi. Mtu akikwambia atakupeleka Funguo siku ya tatu ya maisha yako ya kuzamia, eti atakushika mkono, mshukuru uondoke. Nilimpata mmoja wa namna hiyo, mahali ambapo sitapataja. Alikuwa na tabasamu zuri na regulata, kifaa cha kuvutia hewa, iliyokuwa ikivuja.

Gharama ni mamia kadhaa ya dola kwa vyeti vyote viwili, pamoja na kukodi vifaa. Uliza bei ya mkazi wa Afrika Mashariki kabla hujataja unafikia hoteli gani. Usinunue vifaa vikubwa. Kitu kimoja ningekushauri ununue ni maski inayokukaa usoni: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kwa pua, inama. Isipodondoka ni yako.

Kuhusu msimu, Mungu ametupangia vizuri. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, bahari huchafuka, na vituo vingine hufunga kabisa wakati wa masika. Maji mazuri ni ya kaskazi, takriban Novemba hadi Machi. Kahawa yetu huvunwa katikati ya mwaka, kwa hiyo malipo yakishaingia bahari nayo inatulia. Novemba senene wanaanguka. Beba kopo la senene waliokaangwa. Mimi nilipata marafiki wengi kwenye boti kwa kopo moja, na adui mmoja.

Njiani na mpakani

Njia ni mbili. Ya kwanza inakwenda Mutukula, au Murongo kwa watu wa Kyerwa, halafu Kampala, Nairobi, Mombasa, unavuka kivuko cha Likoni hadi Ukunda. Ya pili inapita ndani ya nchi: Biharamulo, Kahama, Singida, Dodoma, Morogoro, Chalinze, Segera, Tanga, kisha mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga. Kwenda, chagua yoyote. Kushuka kutoka milimani hakuna madhara kwa mzamiaji isipokuwa uchovu. Kurudi ni habari nyingine, nitafika huko.

Beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya homa ya manjano. Na ulimi uwe makini. Ofisa uhamiaji akikuuliza unakwenda kufanya nini Kenya, usimjibu "nakwenda kuzamia." Kwa lugha ya mpakani na bandarini, mzamiaji ni mtu anayejificha melini kwenda Ulaya bila karatasi. Sema unakwenda kujifunza kupiga mbizi. Mimi nilijibu vibaya nikakaa kwenye benchi nikiangalia mabasi mawili yakiondoka.

Ukifika, lala siku nzima. Siku mbili za basi zinakausha mwili, na mwili uliokauka hupata ugonjwa wa mgandamizo, ambao nitaueleza mwishoni, kwa urahisi zaidi. Kunywa maji. Rubisi na pombe nyingine zote zisubiri hadi ufike nyumbani.

Siku ya Funguo

Boti inaondoka asubuhi. Mwongoza wazamiaji atawaeleza mpango, na hapa usione haya kuuliza: tunashuka kwa kamba? Mkondo unakwenda upande gani? Tutageuka mtungi ukiwa na bar ngapi? Ana oksijeni botini? Akiulizwa kuhusu oksijeni akakuonyesha kwa kidole, vizuri. Akisema "ipo," mwambie akuonyeshe.

Kama ulijifunzia kwenye bwawa la maji baridi, utahitaji uzito wa risasi zaidi kiunoni baharini, kilo 2 hadi 3, kwa sababu maji ya chumvi hubeba zaidi. Jaribu kabla ya kushuka: hewa yote ikitoka kwenye jaketi la kuelea, maji yafike usawa wa macho ukiwa umevuta pumzi nusu.

Shuka miguu ikitangulia, mkono kwenye kamba. Bana pua na usukume hewa taratibu masikioni kila mita, kabla hayajaanza kuuma. Yakiuma, panda mita moja, rudia. Yakikataa kabisa, siku yako imekwisha, rudi botini, mashua haitahama. Mwenye mafua asishuke, hata kama amelipa.

Kwenye mita 10 nguo nyekundu ya mwenzako itakuwa kahawia. Kwenye mita 20 itakuwa kama nyeusi. Maji hunywa rangi nyekundu kwanza. Nilijikwaruza kidole kwenye kamba yenye chaza, damu ikatoka kijani, nikaduwaa nikiitazama hadi mwongozaji akanigonga mtungi. Ndiyo maana hata mchana huchukuliwa tochi: ukimulika ubavu wa mashua, ule uliodhani ni kutu ya kijivu unawaka rangi ya machungwa, zambarau na nyekundu ya kahawa iliyoiva.

Mashua yenyewe haionekani yote kwa mara moja. Kwanza ni kivuli kilicho kizito kuliko maji, halafu mstari ulionyooka, na baharini mstari ulionyooka una maana mtu amepita hapo.

Sasa hesabu, maana huko chini ndiko watu husahau. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 una lita 2,400 za hewa. Ukiwa juu, mtu aliyetulia hutumia kama lita 20 kwa dakika. Kwenye mita 28 mgandamizo ni mara 3.8, kwa hiyo pumzi zilezile zinakula lita 76 kwa dakika. Acha bar 50 za akiba, zimebaki lita 1,800: dakika 23, nazo ni pamoja na kushuka na kupanda. Jedwali la PADI halina mstari wa mita 28. Linakutaka uhesabu 30, na hapo kikomo cha kukaa chini ni dakika 20. Kompyuta ya mkononi itakupa muda wake kwa sababu inafuata kina chako dakika kwa dakika. Tii kinachokwisha kwanza. Kwa mgeni, kinachokwisha kwanza karibu kila mara ni hewa, kwa sababu ya woga na kurusha mikono. Funga mikono kifuani. Pumua kama mtu anayepuliza uji.

Usiingie ndani ya mashua. Hata mlango ukiwa wazi na mwanga ukionekana upande wa pili, kuingia kuna mafunzo yake, na vumbi la kutu likitibuka humo hutaona mkono wako. Usishike chuma, kina makali na kina wenyeji. Kuna samaki mwenye mapezi marefu kama manyoya ya jogoo, anatembea polepole kama bwana harusi. Miiba yake ina sumu. Hana haraka kwa sababu haogopi. Chungulia kwenye mabomba pia, kwa mbali: mkunga hukaa humo akifungua na kufunga mdomo. Hatishii mtu; ndivyo anavyopumua.

Wakati wa kupanda, kumbuka chupa. Hewa uliyovuta kwenye mita 10 inakuwa maradufu ukifika juu. Ukizuia pumzi, mapafu yanaweza kupasuka, na hilo linaweza kutokea hata kwenye mita chache za mwisho. Pumua bila kukatisha, usizidi mita 9 kwa dakika, na kwenye mita 5 simama dakika 3. Hapo mtu huchoka kungoja. Tazama chini mbono wakipita.

Kurudi milimani

Hewa unayovuta chini ina naitrojeni, na kwa sababu ya mgandamizo huyeyuka mwilini kama gesi kwenye soda iliyofungwa. Ukipanda polepole hutoka kidogokidogo kwa pumzi. Ukipanda haraka, au ukienda mahali penye hewa nyepesi kabla haijaisha, ni kufungua soda iliyotikiswa. Povu linaingia kwenye viungo, kwenye neva, pengine kwenye uti wa mgongo; huo ndio ugonjwa wa mgandamizo.

Ushauri wa DAN, shirika la kimataifa la usalama wa wazamiaji, ni kusubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege ukiwa umezamia mara moja, na angalau saa 18 ukiwa umezamia mara nyingi au siku kadhaa. Hesabu hiyo ni ya ndege ambayo hewa ya ndani ni kama ya mlima wa kati ya mita 600 na 2,400. Sasa pima nyumbani: Karagwe iko zaidi ya mita 1,500. Kwa mwili wako, kufika Kayanga ni kupanda ndege usiyoshuka.

Na njia ya Nairobi ni mbaya zaidi kuliko ndege. Jiji lenyewe liko karibu mita 1,700, ukitoka hapo kwenda Uganda kwa barabara ya Eldoret unapita Timboroa, zaidi ya mita 2,500. Yaani basi linakupandisha juu kuliko ndege inavyokuhesabia. Kwa hiyo kurudi mimi hupita Tanga. Barabara hiyo inapanda kwa adabu: Morogoro kama mita 500, Dodoma kama 1,100, Singida karibu 1,500, na katikati yake kuna saa nyingi za kukaa na kupumua. Hata hivyo basi si dawa. Zamia mara ya mwisho siku moja kabla ya safari, kisha kaa pwani saa 24 kamili bila kuingia majini. Kula pweza, fua nguo, nenda Kisite ukaangalie bahari kutoka juu ya boti. Wanaorudi kwa ndege ya Bukoba wafuate saa hizohizo 24.

Kabla hujapanda basi Tanga, funga chupa nyingine tupu. Ukifika Singida bana ubavu wake: itakuwa ngumu kama mpira uliojazwa, na ukifungua kizibo itafanya "psss." Hiyo ilikuwa hewa ya pwani.

Jambo la mwisho ni la kuandika kwa kalamu, kwenye kadi ya kukaa mfukoni pamoja na kitambulisho. Andika tarehe na saa uliyotoka majini mara ya mwisho, kina ulichofika, mara ngapi ulizamia wiki hiyo, na namba ya dharura ya bima yako ya kuzamia kama unayo. Chini yake andika: "Nikipata maumivu ya viungo, ganzi, vipele, kizunguzungu, udhaifu wa miguu au uchovu usio wa kawaida, huenda ni ugonjwa wa mgandamizo. Naomba oksijeni kwanza." Dalili nyingi hujitokeza saa chache baada ya kuzamia, lakini nyingine hungoja hadi ufike juu. Na kwetu mtu akifika hospitali, iwe Nyakahanga au zahanati ya kijijini, akasema viungo vinauma na amechoka, atapimwa malaria, na si kosa la daktari; ndicho anachokiona kila siku. Kubali kupimwa. Ila mpe kadi aisome kabla hujaondoka na vidonge.